Shangazi Iko Macho

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja kweli, kwa miguu yake mwenyewe, meno mawili ya mbele yameng'oka. Alinikuta barazani nimefumba macho, vidole vyangu vinachezacheza juu ya goti, akaniinamia mpaka nikasikia harufu ya mawese mdomoni mwake. "Bibi, unalala?" akauliza. Nilimkamata mkono kwa nguvu hata akalia. "Usiseme hivyo! Mtu akikuuliza habari zangu, usiseme kamwe kwamba ninalala." Akakimbilia kwa mama yake kushtaki kwamba bibi amekuwa mkali bila sababu. 

Nyinyi wenzangu mliokuwa watoto kando ya ziwa hili wakati wa Mdachi, huenda mmeshanielewa. Waliozaliwa baadaye hawataelewa mpaka waambiwe. Na kwa kuwa hakosekani mtu wa kuniuliza kwa nini natunga mashairi, mwanamke mzima mwenye wajukuu na michikichi ya kuchuma, acha niwajibu wote kwa pamoja. Siku zote nimekuwa nikiwajibu kwa mzaha kwamba natunga kwa sababu sijui kusuka mikeka. Ni kweli sijui kusuka mikeka. Lakini hilo si jibu.

Nililelewa na Shangazi Mwavita, dada mkubwa wa Baba. Mama alifariki siku niliyozaliwa, na Shangazi, ambaye alikuwa mjane asiye na mtoto, alinichukua kutoka mikononi mwa mkunga akasema, "Huyu wangu." Nyumba yetu ilikuwa Rumonge, karibu na ufuo ambapo akina mama walianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani. Baba alikuwa mtu wa safari za mtumbwi, leo Uvira, kesho Ujiji, na akiwa nyumbani alikuwa mkimya. Kwa hiyo maneno yote ya utoto wangu yalitoka kwa Shangazi, na yalikuwa mengi.

Hakujua kusoma wala kuandika. Alitunga kichwani. Jua likipanda utosini na kazi za asubuhi zikiisha, alijilaza kwenye mkeka nyuma ya nyumba, akafumba macho, akainua mkono wa kulia kidogo hewani. Kisha kidole gumba kilianza kuvigusa vidole vingine, kimoja kimoja, mara moja kwenda na mara moja kurudi. Hiyo ilikuwa mizani minane, nusu ya mstari. Midomo ilicheza bila sauti. Ukimwita hakuitika. Ukimgusa alikasirika, na hasira yake haikuwa ndogo. Akishapata ubeti mzima alifumbua macho na kuniambia, "Shika." Nami niliurudia mara tatu mpaka ukaingia. Kichwa changu ndicho kilichokuwa sanduku lake, na nilijivuna kwa kazi hiyo kuliko mtoto wa mwami, mfalme wa Warundi.

Msidhani alitunga mambo ya kupendeza tu. Palikuwa na bwana mmoja pale mtaani aliyekula samaki na mkewe huku mama yake mzazi, nyumba ya pili, analala njaa. Watu walimsema chinichini, yeye akaziba masikio. Shangazi alitunga beti nne kuhusu kunguru anayekula na kufuta mdomo, akaziimba kwenye harusi bila kutaja jina la mtu. Asubuhi yake yule mama kizee aliletewa kapu la ndagala mpaka likamshinda kubeba. Niliona kwa macho yangu. Tangu siku hiyo niliamini kwamba shairi linaweza kufanya kitu ambacho fimbo haiwezi, na sijabadili mawazo, ingawa nimejua baadaye kwamba si kila mara linawahi.

Lakini mwanamke anayejilaza mchana ana maneno yake mtaani. Kwa hiyo Shangazi alinipa agizo, na naliandika hapa kama alivyolisema, kwa Kiswahili chetu cha ziwani: "Mutu akikuya, akiuliza niko wapi, sema minalala. Watu wakisikia unatunga, wanasema hauna kazi. Wakisikia unalala, wanakuonea huruma." Nilikaa mlangoni kama askari. Kila aliyekuja nilimwambia, "Shangazi analala," na kila aliyekuja alijibu, "Basi mwache, amechoka," akaenda zake. Nilikuwa sijui kusema uongo wa aina nyingine yoyote. Huo mmoja niliusema vizuri sana.

Wakati huo habari za malale zilikuwa zimefika ufuoni. Leo najua kwamba ni ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kwamba mtu hushikwa na homa, kisha akili humpotea polepole, akalala mchana, akasinzia chakula kikiwa bado mdomoni, mpaka asiamke tena. Wakati ule sikujua lolote kati ya hayo. Nilisikia wakubwa wakisema, "Fulani amepelekwa malale," nikadhani Malale ni mji, kama Ujiji au Uvira. Nilifikiri huenda una soko zuri, maana waliokwenda hawakurudi. Siku moja nilimwomba Baba anichukue Malale katika safari zake. Alinitazama, kisha akatoka nje.

Mdachi aliamuru vichaka vya ufuoni vifyekwe na kuchomwa ili mbung'o wakose mahali pa kukaa. Watu walitolewa katika nyumba zilizokuwa karibu mno na maji (yetu ilinusurika kwa hatua chache), wakaambiwa wapande juu milimani kwa Warundi wenye ng'ombe. Kuvua kukakatazwa. Mitumbwi ilipinduliwa mchangani ikapasuka kwa jua, na harufu ya moshi ikachukua mahali pa harufu ya ndagala. Shangazi aliipenda harufu ya ndagala kuliko udi. Alianza kutunga shairi kuhusu jambo hilo, akanipa ubeti wa kwanza kuushika:

*Ziwa ninakuuliza, watu uliowapenda,*
*mitumbwi wameilaza, nyavu zao zimeganda,*
*vichaka wateketeza, moshi milima wapanda,*
*mbona wewe wanyamaza, nawe pia umekwenda?*

Baada ya huo zikafuata nyingine, moja kila siku mbili tatu. Zilipofika tisa, ndipo alipokuja Mshika Shingo.

Jina hilo tulimpa sisi. Alikuwa msaidizi wa mganga wa Kidachi, mtu wa Pwani, mwembamba, amevaa koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Alitupanga ufuoni mstari mmoja, wakubwa kwa watoto, akapita akimbonyeza kila mtu shingoni kutafuta tezi. Kiswahili chake kilikuwa laini kama uji uliochujwa, na alichekeshwa sana na chetu. "Nyinyi watu wa ziwa," alisema, "kwenu kila kitu ni *iko*. Maji iko, baba iko, njaa iko!" Watu walicheka kwa woga. Alipofika kwa Shangazi vidole vyake vilisimama. Shangazi alikuwa na kidonda kichwani, alichopata kwa kusukwa nywele kwa nguvu, na tezi ya shingo ilikuwa imevimba. Mshika Shingo aliandika kitu kwenye kitabu chake, akasema atapita nyumbani kumwangalia.

Alipita kesho yake, jua likiwa utosini.

Nilikuwa mlangoni, mahali pangu. Nakumbuka alichuchumaa ili macho yake yawe sawa na yangu, jambo ambalo mtu mzima hakuwahi kunifanyia, na kwa hilo tu nilimpenda. "Mtoto mzuri," akasema, "shangazi yako yuko wapi?"

"Analala."

"Mchana huu?"

"Kila siku analala."

"Ukimwita?"

"Haitiki. Nikimugusa anakasirika."

Aliingia hadi nyuma, nami nikimfuata. Shangazi alikuwa kwenye mkeka, macho amefumba, midomo inacheza, vidole vya mkono wa kulia vinagusanagusana hewani. Alisikia hatua, lakini alidhani ni zangu, akainua kiganja cha kushoto kuninyamazisha, kama kawaida yake. Alikuwa katikati ya mstari. Mshika Shingo alivitazama vile vidole kwa muda, akaandika tena. Alipokuwa anatoka kifungo kimoja cha koti lake kilikuwa kinaning'inia kwa uzi. Akakikata kwa meno, akaniwekea kiganjani. "Hiki chako," akasema, "kwa sababu unasema kweli."

Kifungo cha shaba! Nilikitia uzi nikakivaa shingoni. Baba aliporudi jioni akaniuliza nimekipata wapi, nikasema nimekiokota. Kwa hiyo uongo wa pili nao nilijifunza, siku ileile.

Asubuhi askari wawili walimchukua Shangazi. Hakupiga kelele. Alijifunga kanga vizuri, akachukua kata yake ya kunywea maji, akaniambia, "Zile tisa, usiziangushe." Ndipo nikamsikia mmoja wa askari akimwambia Baba kwa mkato: msaidizi ameandika kwamba mama huyu ana tezi, mikono yake inatetemeka, hulala mchana kila siku na hata akiitwa haamki, na mambo hayo yameshuhudiwa na mtu wa nyumbani kwake. Baba aligeuka kutazama ni nani kati yetu. Tulikuwa watu watatu tu katika nyumba ile. Lakini alipitisha macho juu ya kichwa changu, kwa sababu mtoto kwake hakuwa mtu wa kushuhudia. Akaona askari amekosea, ni majirani. Kwa miaka mingi hakusalimiana na jirani yetu wa kushoto, mama wa watu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Nilielewa hapohapo. Wengine husema mtoto haelewi; si kweli, huelewa kwa kuchelewa tu, kisha huelewa yote kwa mpigo. Malale haukuwa mji. *Kifungo* kilikuwa kimoja shingoni mwangu na kingine kilikuwa kinamngoja Shangazi. Nilikivua nikakitupa chooni.

Kambi ya malale alikopelekwa ilikuwa mwendo wa asubuhi moja kando ya ziwa. Baba alipeleka chakula kila baada ya siku chache: ugali, maharage ya mawese, wakati mwingine samaki mukeke mkavu aliopata kwa siri. Alikiacha kwenye uzio, akarudi bila kumwona dada yake. Alichojua ni kwamba ndani watu wanachomwa sindano, na kwamba wapo wanaopona. Siku moja alirudi akasema neno nililolidaka hewani. "Nimemusikia yule mutu wa Pwani. Anasema mganga anaweza kumuachilia mutu kama iko na akili yake yote. Lakini nani atamuonyesha akili ya mutu? Akili haina tezi."

Mimi nilijua iliko akili ya Shangazi. Ilikuwa kwangu, beti tisa.

Nilikuwa chuoni kwa mwaka wa pili, nikiandika aya za Kurani kwenye ubao kwa kalamu ya tete na wino wa masizi. Nilimwendea mwalimu wetu nikamwomba karatasi. Karatasi wakati ule ilikuwa adimu kama chumvi wakati wa mvua. Akaniuliza ya nini, nikamwambia ya kumwandikia mgonjwa. Alidhani ni dua, akanipa karatasi iliyofungia sabuni, bado inanukia. Nikaandika zile tisa kwa herufi za Kiarabu, upande mmoja wote na kingo za upande wa pili. Mistari ilipanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Nikilia, wino ulichuruzika, kwa hiyo nilijikataza kulia. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuandika kitu ambacho sikuamriwa na mtu.

Nikamwonyesha Baba. Hakusoma, alikaa na ile karatasi magotini, akaniuliza, "Haya ni yake?" Nikasema ni yake. "Yote ulikuwa nayo kichwani?" Nikasema yote. Kesho yake alinichukua.

Kwenye uzio alikuwepo Mshika Shingo mwenyewe, na koti lake bado lilikuwa na uzi mahali pa kile kifungo. Alinitambua. Kabla Baba hajafungua mdomo, mimi nilipiga kelele maneno niliyokuwa nimeyarudia njia nzima: "Shangazi iko macho! Shangazi iko macho!"

Nilitaka kusema kwamba halali, kwamba yuko macho na hakuwa amelala hata siku moja. Lakini mtu yule wa Pwani alikuwa ameshajifunza kwamba kwetu *iko* ni kila kitu. Alisikia ninauliza kama shangazi bado anayo macho. Uso wake ulibadilika. Alitazama chini, akasema polepole, "Nani amekwambieni habari za macho?"

Baba alisema, "Macho gani?"

Hivyo ndivyo tulivyojua. Dawa ile huwaponya wengine, alisema, na wengine huwachukua macho. Shangazi alikuwa amechomwa mara nne. Tangu sindano ya tatu alikuwa akiuliza kwa nini wanawasha moto wenye moshi mwingi namna ile ndani ya nyumba. Hapakuwa na moto. Mshika Shingo hakuwa mtu mbaya. Nimejaribu sana kumchukia na nimeshindwa, maana nikimchukia yeye kwa kusikia, nitamfanya nini aliyesema?

Baba aliketi chini mchangani. Mimi nikaipitisha karatasi kwenye uzio. Sikujua kitu kingine cha kufanya. Yule mtu akaipokea, akaisoma kimya, kisha akaanza kuisoma kwa sauti, kwa ule mwendo wa kuimba wanaoujua watu wa Pwani. Alipofika ubeti wa pili mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, na kidole gumba kikaanza kugusa vingine, kwenda na kurudi. Akakoma. Akautazama mkono wake kama si wake.

"Alikuwa anahesabu mizani," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

"Mbona uliniambia analala?"

Niligeuka. Baba alikuwa ameinua kichwa, lakini alikuwa mbali katika uchungu wake, na sijui kama alisikia. Hakuwahi kuniuliza mpaka alipofariki.

Mshika Shingo alikwenda akarudi, akatuingiza. Mganga wa Kidachi alikaa kwenye kiti cha turubai, ndevu nyekundu, anafuta miwani. Shangazi aliletwa akishikwa mkono na mwanamke mmoja mgonjwa wa Kirundi, aliyetusalimu "Amahoro" kwa sauti ya usingizi. Shangazi alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa wazi kabisa, yakitazama mahali pasipo na mtu. Msaidizi alimsomea bwana wake zile beti. Mdachi alisikiliza kama mtu anavyosikiliza vyura. Mwisho akasema jambo, na msaidizi akalitafsiri: mtu huweza kukariri kitu cha zamani hata akili ikiwa imekwenda. Atunge kipya, hapahapa.

Shangazi aliuliza, "Juu ya nini?"

"Juu ya lolote, mama."

Akafumba macho. Hata sasa, yalipokuwa hayamfai kitu, aliyafumba. Mkono ukainuka. Mganga akaanza kutazama saa yake, nami niliona wazi kwamba kwa mtu asiyejua, yule pale ni mwanamke anayesinzia huku mkono unatetemeka. Nilitaka kupiga kelele tena. Niliogopa kinywa changu. Kisha sauti yake ikatoka, kavu lakini imenyooka:

*Macho yangu nikifumba, usidhani nimelala,*
*maneno ninayaomba, yanijie bila hila,*
*na haya ninayoimba, yatoka ndani ya ghala,*
*giza hata likitamba, niko macho, sijalala.*

Yule mwanamke wa Kirundi alicheka kidogo, sijui alielewa nini. Mshika Shingo alifuta uso kwa mkono wa koti. Akamweleza bwana wake kwa maneno machache, na Mdachi akaandika kwenye kitabu. Shangazi aliachiliwa siku hiyohiyo. Macho yake yalibaki kule.

Njiani alinishika bega. Alisikia ziwa upande wa kulia, akauliza kama mitumbwi bado imepinduliwa. Nikamwambia bado. Akasema, "Shika," akanipa ule ubeti wa kambini niurudie, nami niliurudia mara tatu nikijikwaa kila nilipofika pale pa *usidhani nimelala*.

Alirudi kwenye mkeka wake. Vichaka viliota tena, amri ya kuvua ikalegea, ndagala wakarudi mchangani na harufu yao. Lakini alikuwa amebadili jambo moja: sasa alitunga macho yakiwa wazi. "Nikifumba, watu wataniogopa," alisema akicheka. Watu walipokuja nikawaambia, "Shangazi iko macho," na wengine, kwa kusikia neno hilo likitajwa kwa kipofu, walidhani ninamdhihaki, wakanigombeza. Yeye hakunigombeza. Wala hakuuliza nani alimsemea. Majirani walikisia, Baba alilaani, na yeye alinyamaza kama lile ziwa lake. Kunyamaza kwake kulinila. Mara kumi nilifungua mdomo nimwambie, na mara kumi ulimi uligeuka mzito nikamuuliza kama anataka maji. Alikuwa anakunywa maji mengi sana kwa sababu yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi, au kumi na mitatu, nilipogundua kwamba kile ambacho hakitoki kwa maneno ya kawaida huenda kitatoka kwa mizani. Sikujua kwa nini. Labda ni kwa sababu shairi lina mahali pa kujishikia, kama mtu anayevuka mto kwa kamba. Nilitunga wiki nzima, peke yangu, kwenye michikichi. Kisha mchana mmoja nikaenda nikaketi ukingoni mwa mkeka wake.

"Shangazi, nina ubeti."

"Wako?"

"Wangu."

Aligeuza uso. Hakuwa amewahi kusikia ubeti wangu, wala mimi. Akainua mkono wa kulia ili ahesabu, nami nikasema, nikitazama mchanga:

*Shangazi ninalo jambo, limekwama kwa ulimi,*
*lanivimba kama tumbo, kila siku silisemi,*
*siku ile ya kitambo, si wawili wala kumi,*
*aliyekufanya chambo, hakuwa mwingine…*

Nikanyamaza hapo. Mkono wake ulikuwa bado juu. Kidole gumba kilikuwa kimekwenda mara moja na kurudi nusu. Vidole viwili vilikuwa vimebaki vimesimama, havijaguswa. Kwa mbali akina mama walikuwa wanageuza ndagala, wanagombana kuhusu kuku aliyewanyea. Nilisikia kila neno la ugomvi ule.

"Iko mizani sita," Shangazi akasema. "Inapunguka mbili. Na kina kimekimbia. *Ulimi, silisemi, kumi*, halafu?" Alisubiri. "Kuna neno umeficha. Ubeti haukubali kufichwa neno. Utaona mwenyewe unachechemea. Rudia."

Nikarudia mstari wa mwisho. Nikaishia palepale. Vidole viwili bado vimesimama, karibu kabisa na uso wangu. Hakunishika, hakunisaidia. Angeweza kulisema yeye, maana alikuwa analijua. Sasa najua kwamba alilijua tangu siku ya askari. Nani mwingine alikuwa amekaa mlangoni? Alikuwa ameningoja miaka yote ile, kama anavyongoja neno.

"Mimi," nikasema.

Kidole gumba kikagusa kimoja, kikagusa cha pili. Mkono ukashuka ukatua juu ya kichwa changu, ukakaa hapo.

"Sasa imetimia," akasema. "Kesho uniletee ya pili."